Miaka kumi na moja ya kujitolea, na wasifu wangu umekuwa kama kapu la sokoni: niende chuo au niachane na kazi za jamii?

Mama Steshenari (Nkuhungu)

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Naomba ushauri wa watu waliopita katika kazi za jamii, hasa wale ambao njia yao haikunyooka.

Nina umri wa miaka 33, ninaishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini, na ninaendesha steshenari ndogo ya shemeji yangu. Natoa kopi, nachapa barua, na zaidi ya yote nawajazia vijana maombi ya kazi katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, ule wa kuombea kazi za serikali. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2010 nikiwa nimefaulu masomo matano, nikasoma astashahada ya uhazili, kisha nikapata kazi ya muda katika ofisi moja hadi mkataba ulipokwisha mwaka 2014. Mwaka huohuo nilirudi kijijini kwetu, wilaya ya Chamwino, kumuuguza mama.

Wakati ninamuuguza, muuguzi wa zahanati aliniomba nijiunge na wahudumu wa kujitolea waliokuwa wakiwatembelea wagonjwa wa muda mrefu majumbani. Nilikabidhiwa baiskeli, kaunta buku, na ahadi ya posho ya nauli ambayo ilikuja ilipopenda kuja. Niliifanya kazi hiyo kwa miaka minne. Mama alipofariki nilirudi mjini, na wanawake wa mtaa wakanichagua kuwa katibu wa VICOBA yetu, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, nadhani kwa sababu tu nina mwandiko unaosomeka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipoanza kutekelezwa na vikundi vikatakiwa kusajiliwa, nilijikuta nikiandika katiba si ya kikundi chetu peke yake bali na ya vikundi vingine sita, kwa malipo ya soda na asante. Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa, na hiyo ndiyo kazi pekee katika orodha hii iliyonilipa kama mtu mzima. Mwaka uliofuata mwenyekiti wa mtaa aliniingiza katika kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, ambako nipo mpaka leo.

Wiki iliyopita niliamua kuandika wasifu wangu mwenyewe, mimi ambaye nimewaandikia watu wengi hata siwakumbuki, na nilishindwa. Uhazili, wagonjwa, VICOBA, sensa, watoto: kila mstari unaelekea upande wake, na msomaji atadhani ni mtu asiyetulia. Kaka yangu anasema umri unakwenda, nitafute kizimba Soko Kuu la Job Ndugai niuze nguo za watoto. Mimi moyo wangu uko kwenye kazi hizi, ila moyo haulipi kodi ya nyumba. Je, niende chuo, na kama ni kwenda, nisome nini? Na miaka hii ina thamani yoyote mbele ya mwajiri, au nimekuwa nikijifariji?

Mkulima wa Mpunguzi

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Mimi nilijitolea miaka minne katika shirika moja ambalo sitalitaja, nikiahidiwa kwamba mradi ukipata fedha za awamu ya pili nitapewa mkataba. Fedha zilikuja, nafasi zikatangazwa, na wakaajiriwa watu ambao hawakuwahi kuvuka korongo lolote la kata ile kwa miguu, ilhali mimi niliitwa kuwaonyesha njia. Tangu hapo ninalima zabibu. Zinavunwa mara mbili kwa mwaka na hazijawahi kuniambia nisubiri awamu ya pili.

Sisemi ukauze nguo. Ninachosema ni kwamba tangu leo usikubali kazi ya kujitolea isiyo na karatasi inayotaja kazi yenyewe, muda wake na posho yake, hata kama anayekuomba ni mtu unayemheshimu. Unayemheshimu ndiye mgumu zaidi kumdai. Halafu jiwekee tarehe. Mimi sikujiwekea, ndiyo maana mwaka mmoja ulizaa minne.

Afisa Ustawi, Mpwapwa

Dada wa Nkuhungu, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri kwa miaka kumi na miwili, na kabla ya hapo nilikuwa upande wa mashirika, nikikaa pia kwenye meza ya kuchuja maombi. Nikubali kwanza kwamba ndugu wa Mpunguzi yuko sahihi kuhusu karatasi. Ila nadhani swali lako lina maswali mawili ndani yake, na yana majibu yanayopishana.

Kwa upande wa serikali, miaka yako kumi na moja haisomeki, na hili unalijua kuliko wengi wetu kwa sababu ndilo unalolijaza kila siku. Nafasi hutangazwa kwa kufuata muundo wa utumishi, sifa ya elimu inatajwa kwa jina lake, mwombaji anatakiwa awe na umri usiozidi miaka 45 kama hayuko tayari kazini serikalini, na hati ya matokeo ya muda haipokelewi badala ya cheti. Hakuna kisanduku cha kuandika kwamba ulimwosha mgonjwa wa watu kwa miaka minne. Bila cheti cha fani husika, mtu mwenye moyo wa dhahabu na mtu asiye na moyo kabisa wanaachwa katika mchujo uleule. Usione kwamba umedharauliwa, kwa kuwa mfumo wa namna hiyo hauwezi kupima kingine, na usijaribu kuuzunguka.

Kwa upande wa mashirika na miradi, miaka hiyo inasomeka vizuri, lakini kwa sharti kwamba iandikwe. Nimepitia wasifu mwingi wenye mstari mmoja unaosema "nilijitolea katika jamii", na mstari huo haunielezi kitu. Ukiniandikia kwamba kwa miaka minne ulikuwa na wagonjwa kadhaa uliowatembelea kila wiki kwa baiskeli, ukiandika taarifa ya kila ziara na kuipeleka zahanati, kwamba uliandaa katiba za vikundi saba vikasajiliwa halmashauri, na kwamba umefanya mahojiano kaya kwa kaya kwa kishikwambi mwaka 2022, mimi sioni mtu asiyetulia. Naona mtu ambaye watu humfungulia mlango, naye akitoka anaandika alichokiona. Hizo ni stadi mbili ambazo ni nadra kukutana katika mtu mmoja. Maofisa wengi tuna moja tu kati ya hizo, na mimi ni mmoja wao: kuandika taarifa hunichukua siku mbili na hunitoa jasho.

Kwa hiyo anza na barua. Mwendee muuguzi yule, mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa vikundi, uwaombe barua zinazotaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na kazi uliyoifanya, siyo barua za kusema kwamba wewe ni mwaminifu na mcha Mungu. Fanya hivyo mwezi huu. Watumishi huhamishwa, wenyeviti hubadilika kwa uchaguzi, na barua ambayo leo ni ya dakika kumi mwakani itakuwa safari ya kumtafuta mtu Kigoma. Jambo moja la tahadhari: ile kaunta buku ya wagonjwa usiibebe kwenye usaili wowote ili kujithibitisha. Ina majina na magonjwa ya watu. Mwajiri anayeijua kazi hii atakuondoa kwa sababu hiyohiyo uliyodhani itakupandisha.

Kuhusu cha kusoma, watu wengi huchanganya maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii, hata maofisini. Afisa maendeleo ya jamii kazi yake kubwa ni makundi: kuhamasisha, kuunda na kusimamia vikundi, na ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Afisa ustawi anashika shauri la mtu mmoja au familia moja: mtoto aliyetelekezwa, matunzo baada ya wazazi kutengana, mzee asiye na wa kumtazama, mgonjwa aliyelazwa bila ndugu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwetu ni kama jembe kwa mkulima. Wewe umegusa pande zote mbili, VICOBA upande ule na kamati upande huu, kwa hiyo siwezi kukuchagulia.

Hesabu ya miaka isikutishe. Kutoka astashahada ya awali mpaka stashahada ni miaka mitatu, utakuwa na 36. Hakikisha tu programu unayojiunga nayo imesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kabla hujalipa hata ada ya fomu, kwa sababu nimeona watu waliosoma miaka miwili wakaambulia karatasi isiyotambulika.

Mzee wa Haubi

Marahaba binti yangu. Nina miaka 70 na nimestaafu tangu mwaka 2015, na kwa kuwa mjukuu wangu ndiye anayenichapia, nitajitahidi nisimchoshe.

Umesema njia yako haikunyooka, nami nikacheka kwa sababu yangu ilianzia kwenye redio. Mwaka 1973 nilikuwa nimemaliza darasa la saba kule Haubi, Kondoa, na kampeni ya Mtu ni Afya ilipokuja nilichaguliwa kuongoza kikundi cha wasikilizaji. Kazi ilikuwa kuwasha redio saa ya kipindi, kukisoma kitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, kuongoza mazungumzo, kisha kuhakikisha kwamba tuliyoyakubali kwa mdomo tunayafanya kwa jembe, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ni vyoo. Nilikuwa kijana wa miaka 18 nikiwaambia wazee wa rika la baba yangu wachimbe vyoo. Betri zilipoisha nilisimulia kipindi kutoka kichwani, na nakiri leo kwamba baadhi ya vipindi nilivitunga.

Baada ya hapo nikawa kibarua katika kitalu cha miche cha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO. Vijana hawaijui tena habari hii, lakini vilima vyetu vilikuwa vimekatika makorongo ambayo ng'ombe akiingia hatoki. Nilijaza udongo kwenye viriba, nikamwagilia, sikuwa na wazo la kuwa mtu wa maendeleo ya jamii. Mwaka 1979 ikaamuliwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, na kwa kuwa nilijua Kirangi, lugha ya kwetu, na nilizoea kusimama mbele ya watu tangu enzi za redio, nilitumwa kwenda kueleza. Siku ya kwanza niliharibu. Nilisoma karatasi kama mtu anayetangaza mnada, na nilipomaliza mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa hakupandisha sauti, aliniuliza tu: "Maziwa ya wajukuu wangu utayaleta wewe?" Sikuwa na jibu. Nikakaa chini, na nadhani kukaa chini ndiko kulikoniokoa, maana tulizungumza mpaka jua likazama, yeye akiuliza nami nikisema hili ninalijua na hili silijui. Nilirudi kwake mara tano. Hakufurahi hata siku ya mwisho, ila alinikaribisha uji.

Nilipofika Chuo cha Maendeleo ya Jamii cha Tengeru miaka michache baadaye, mwalimu mmoja alisoma fomu yangu akauliza redio, miche na ng'ombe vinahusiana vipi. Nilinyamaza. Jibu nililipata nikiwa kazini tayari, nimeshakuwa Bwana Maendeleo kama tulivyoitwa: kila mahali, mimi ndiye niliyekuwa ninatumwa kupeleka neno ambalo watu hawakutaka kulisikia. Wengine wana kipaji cha kuimba, mimi nilikuwa na hicho. Nikaacha kuomba nafasi za ofisini za kupanga takwimu na nikaomba zile ambazo wenzangu walizikimbia, za vijiji vyenye ugomvi wa ardhi na maji, na hapo ndipo nilipopanda vyeo bila kugombania na mtu.

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujauliza usome nini, nijibu hili: katika watu wote hao wa zahanati, wa VICOBA na wa mtaa, wanaokujia bila kuitwa na mtu yeyote, wanakujia kwa shida gani? Siyo kazi uliyopewa na kamati. Ile wanayokuletea wenyewe.

Mama Steshenari (Nkuhungu)

Asanteni sana, na mzee nakushukuru wewe na mjukuu wako. Nimekaa siku tatu na swali lako kwa sababu nilidhani jibu ni VICOBA. Lakini watu wa VICOBA hunijia siku ya kikao, au wanapotaka barua. Wanaonijia wenyewe ni wengine kabisa.

Kuna bibi mmoja hapa mtaani ambaye tangu mwezi wa tatu amekuwa akija dukani na karatasi ileile, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, ananiomba kopi moja ya shilingi mia. Mara ya kwanza na ya pili nilimtolea bila kufikiri. Mara ya nne nilimwambia, "Bibi, kopi hizi zote za nini?" Hakujibu, akakaa kwenye benchi mpaka wateja wakaisha, kisha akaniambia kwamba baba wa mtoto ameoa kwingine na ameacha kuleta chochote, na kwamba mtoto hajaenda shule wiki mbili kwa sababu ya viatu. Alikuwa ananunua nafasi ya kukaa. Nilipoanza kukumbuka nikagundua kwamba si yeye peke yake. Yuko binti anayekuja kuchapa barua ambayo hajawahi kuimalizia, na yuko mwanaume mmoja anayepiga picha za paspoti bila kusafiri popote. Hata kijijini, wagonjwa waliniambia habari za watoto wao kuliko za maumivu yao.

Kwa hiyo naona ni ustawi, Afisa. Kinachonitisha ni kwamba kwa huyo bibi nilimnunulia viatu mtoto kwa fedha yangu, na nikaona aibu kulipeleka jambo kwenye kamati kama vile ninamsengenya. Je, nilikosea? Na je, nitaweza kusoma huku nikiendesha duka?

Afisa Ustawi, Mpwapwa

Hukukosea kununua viatu, ulikosea kuishia hapo, na kosa hilo tumelifanya sisi sote tulioingia kazi hii kwa mlango wa kujitolea. Baba yule ana wajibu wa matunzo kwa mujibu wa sheria, na viatu vyako vimempunguzia. Mwombe bibi ridhaa, umweleze kwamba shauri litajulikana kwa wachache wanaohusika tu, kisha mfikishe kwa afisa ustawi wa kata au wa halmashauri ukiwa na maelezo mafupi: lini baba aliacha kuleta matunzo, mtoto yuko darasa la ngapi, nani anaishi naye. Akiona ugumu kuja ofisini, namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure. Hiyo inaitwa kutoa rufaa, na utafundishwa chuoni, lakini bibi hawezi kukusubiri miaka mitatu.

Kuhusu duka, uliza vyuo vya hapa Dodoma kama wana utaratibu wa jioni au wa mwisho wa wiki kwa fani hii kabla hujawaza kuhamia Dar es Salaam. Ila jua kwamba mafunzo kwa vitendo yapo, na wiki hizo hutaweza kukaa dukani. Zungumza na shemeji mapema, siyo wiki ya kuanza.

Mkulima wa Mpunguzi

Na barua ya kamati ya mtaa ichukue kabla hujaondoka, dada. Wakiona unakwenda chuo wataanza kukuona mgeni.

Mama Steshenari (Nkuhungu)

Nimeichukua leo asubuhi. Mwenyekiti aliniambia nichape mwenyewe yeye atie sahihi na muhuri, kama kawaida, nami nikachapa tarehe, kazi na idadi ya mashauri tuliyoyapokea, bila neno mwaminifu hata mara moja. Alipoisoma aliuliza mbona sijajisifu, nikamwambia hiyo ndiyo sifa yenyewe, akagonga muhuri.

Muuguzi wa zahanati amehamishiwa Manyoni, nimepata namba yake kwa mganga mfawidhi na nitampigia jioni. Bibi amekubali, twende wote Alhamisi. Safari hii amekuja bila karatasi.